Nyaya Mbili, Waya Mmoja: Habari ya Sauti Zilizokutana Butembo

Mtu akisimama alfajiri ya Jumapili juu ya kilima kimojawapo cha Vulamba, ambayo pamoja na Kimemi, Mususa na Bulengera ndizo komini nne za mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, husikia, kabla ya nyimbo na kabla ya sala, mvumo mzito usiokatika utokao katika bafle (spika) za makanisa kwa pamoja, mithili ya nyuki waliofungiwa mtungini. Na akiuliza sababu yake, mmoja atamwambia kwamba ampli imechoka, mwingine kwamba grupu (jenereta) inatoa kuren (mkondo) chafu, na wa tatu, ambaye aghalabu ni mzee wa kwaya, kwamba vitu vya siku hizi havidumu kama vile vilivyoletwa na mapadri wa zamani. Mimi nimeusikiliza mvumo huo kwa miaka mingi, nikawafuata mafundi hadi nyuma ya altare na chini ya majukwaa, walikojikunja na pasi zao za kulehemu, na nimeyakinisha kwamba mara nyingi ampli haina hatia yoyote. Kosa limo katika kiungo, yaani katika ile shubiri moja ya waya ambapo mikrofoni ya padri na kinanda cha kwaya, vitu vya nasaba mbili mbalimbali, huingizwa kwa nguvu katika mlango mmoja. Nasaba hizo zina historia yake, na historia hiyo ilipofika katika milima yetu ilizaa fani, ambayo watu wake hawakusoma katika chuo chochote, nao wanastahili kutajwa.

Sharti kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa kuwa bila hilo habari zilizobaki hazitashikika. Sauti ikishageuzwa kuwa umeme haiwezi kwenda bila kurudi. Kila mkondo utokao hauna budi kupata njia ya kumrudia aliyeutuma. Katika namna ya kwanza, ambayo nitaiita ya waya mmoja, sauti hupita katika waya wa kati na kurudi kwa njia ya wavu wa shaba uliouzunguka, na wavu huohuo ndio mase (ardhi ya umeme), uliofungamana na bati la chombo kinachotuma na bati la chombo kinachopokea. Wavu una kazi mbili, kuikinga sauti na kuirudisha, na mshika mawili moja humponyoka: vyombo viwili vikiwa na mase zisizolingana, mkondo wa taa na friji na chaja hupenya katika wavu huo kutafuta usawa, nayo ampli, isiyo na njia ya kuutenga mkondo huo na uimbaji, huukuza pamoja na uimbaji.

Namna ya pili ni ya nyaya mbili, nayo Wafaransa huiita ya ulinganifu, ilhali mimi napenda kuiita ya mizani. Humo nyaya mbili hupita ndani ya wavu mmoja, sauti ikienda kwa huu na kurudi kwa ule, wavu ukaachiwa kazi ya ngao peke yake. Na mlango wa ampli umetengenezwa usitazame waya huu wala ule, utazame tofauti iliyo baina yao tu. Uchafu wowote uingiao njiani huziangukia nyaya zote mbili kwa kadiri moja, kama wasafiri wawili walionyeshewa mvua moja, na mpokeaji apimaye tofauti yao haoni tone. Wengi hudhani kwamba siri ya mizani ni sauti kupelekwa mara mbili, moja wima na moja kichwa chini. Lakini hiyo ni ziada. Siri ni kwamba nyaya zote mbili ziwe na ukinzani sawasawa kuelekea mase, ili mvua iwanyeshee sawa. Akikosa kuona hilo, fundi anaweza kuwa na fishi (plagi) yenye miguu mitatu na bado asiwe na mizani.

Usuli wa nyaya mbili ni simu. Baada ya Alexander Graham Bell kupata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1876, simu za mwanzo zilitandazwa kwa desturi ya telegrafu, waya mmoja wa chuma juu ya miti, na ardhi yenyewe ikafanywa njia ya kurudi. Ardhi haikudai ujira, lakini haikuwa ya simu peke yake. Na miji ya Marekani na Ulaya ilipowekewa taa za umeme, kisha tramu zilizorudisha mkondo wake kwa reli na udongo, waliokuwa wakisemezana kwa simu walisikia ngurumo za magari wasiyoyaona. Dawa ikawa ni kuiacha ardhi na kutandaza waya wa pili, na Bell mwenyewe mwaka 1881 alikwisha pata hati ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ili kila mmoja upokee madhara sawa na mwenziwe. Kutoka kwa watu wa simu stesheni za redio zilirithi transfoma zao, ukinzani wao wa ohm 600, na kipimo chao cha miliwati 1, ambacho katika ukinzani huo ni volti 0.775, na hata leo vyombo vya stesheni hutoa sauti kwa kadiri ya volti 1.23, kadiri ya watu waliozoea umbali.

Usuli wa waya mmoja ni sebule. Katika miaka ya 1930 kampuni ya RCA ya Marekani iliuza makabati ambayo ndani yake mlikuwa na redio na gramafoni, na palihitajika fishi ya bei rahisi ya kuunganisha sindano ya gramafoni na redio iliyokuwa chini yake, mwendo usiozidi mkono mmoja. Fishi ile haikukusudiwa kutoka nje ya kabati. Wala haikufikiriwa kwamba itachomolewa na kuchomekwa kila Jumapili, na ushahidi wa jambo hilo ni kwamba ncha yake ya kati hugusa kabla ya mase, ndiyo maana akiichomeka mtu bila kuteremsha sauti, bafle hutoa mshindo unaoamsha watoto migongoni mwa mama zao. Sauti yake ni ndogo pia, kadiri ya volti 0.3, yaani robo tu ya ile ya stesheni. Ajabu ni kwamba kitu kilichoundwa kwa mwendo wa mkono mmoja ndicho kilichotapakaa duniani kote.

Mafundi wetu, kwa kuwa maarifa yao yalipitia katika Kifaransa, hawasemi XLR wala RCA. Husema fishi kanon na fishi sinchi, na katika majina hayo, bila wao kukusudia, wamehifadhi kumbukumbu ya waundaji. Kanon ni James H. Cannon, aliyeanzisha kiwanda chake Los Angeles mwaka 1915, na ambaye kampuni yake katika miaka ya 1950 ilitoa ile fishi ya mviringo yenye miguu mitatu na kikufuli, ambayo sasa hukaa mkiani mwa kila mikrofoni ya maana. Sinchi ni jina la kampuni nyingine ya Marekani, iliyotengeneza fishi za sebuleni. Ya tatu ni jeki, kongwe kuliko zote, iliyotoka katika mbao za simu ambako wanawake wa zamu walichomeka na kuchomoa maongezi ya mji mzima. Na hiyo ndiyo yenye hila, kwa sababu jeki yenye sehemu tatu inaweza kuchukua sauti moja ya mizani au sauti mbili za waya mmoja, kushoto na kulia, wala hakuna alama nje ya kumwonya fundi. Ilikuwako na ya nne, fishi ya Din ya Wajerumani yenye miguu mitano, iliyokuja na redio na rekoda za Ulaya na ambayo leo huonekana tu katika masanduku ya mafundi wazee, waliokataa kuitupa.

Sasa nije kwetu. Butembo ilikua kwa madini na biashara, chini ya kivuli cha kampuni iliyoitwa Minière des Grands Lacs, na mapadri Waasumpsionisti walifika katika nchi hii mwaka 1929. Wala sidhani kwamba katika miaka ile ya mwanzo mtu alihitaji zaidi ya kengele, ngoma na koo la katekista, kwa maana sauti ya mwanadamu katika mabonde yetu husafiri vizuri asubuhi penye ukungu. Umeme wa sauti ulikuja kwa redio. Radio Congo Belge ilianza kutangaza kutoka Léopoldville mwezi wa Oktoba 1940, na redio za taa, yaani za valvu, zilizokuwa majumbani mwa Wazungu, baadaye na kwa makarani wachache, aghalabu zilikuwa na matundu mawili nyuma ya kutilia gramafoni. Msomaji aone maana yake: redio ile, kwa njia ya matundu yale, ilikuwa ampli ya kwanza iliyopokea mgeni kutoka nje, na mgeni huyo alikuwa wa ukoo wa sebule, wa waya mmoja, mwendo mfupi, chumba kimoja, mase moja. Haikuvuma, kwa kuwa hapakuwa na wa kugombana naye.

Ukoo wa pili ulipita kama msafiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine za kurekodi, na ambaye miaka miwili baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika katika Afrika Kusini, alifika pembezoni mwa msitu wa Ituri na kurekodi wapigaji wa Kinande, watu wa milima yetu, pamoja na majirani zao Wabira, Wabudu na Wambuti. Rekodi hizo zipo hata leo, nazo huweza kusikilizwa. Mimi nizisikilizapo huvutwa kwanza na wapigaji, kama ipasavyo, kisha fikira zangu hurudi nyuma ya mikrofoni, kwa maana kazi kama ile haifanyiki ila jenereta ikae mbali na mchezaji, na umbali ndio sababu ya nyaya mbili kuwako duniani. Injini inayotoa mkondo imenyamazishwa kwa mwendo wa waya, si kwa mtambo wowote mwingine, na ngoma ikabaki peke yake katika utepe.

Koo hizo mbili zilikutana kanisani, na naweza kutaja sababu yake kwa tarehe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, ikaruhusu lugha za watu katika Misa. Na padri ambaye zamani alisali Kilatini akiwapa watu mgongo, watu wakifuata kwa ishara na kengele, sasa alikuwa anawaelekea na kusema maneno ambayo kila mmoja alitazamiwa kuyaelewa na kuyajibu. Mikrofoni ikawa haja. Katika jimbo letu, ambalo Askofu Emmanuel Kataliko aliliongoza tangu 1966 na ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Butembo-Beni, kanisa refu la matofali lenye paa la bati halikuweza kujazwa na koo moja, hasa mvua inapolipiga bati. Pamoja na lugha zikaja ngoma, magita na kwaya zenye kutembea, na mwaka 1988 Roma ilipoikubali rasmi misale ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, desturi hizo hazikuwa tena za kuvumiliwa, zilikuwa ni ibada. Basi mbele ya altare palikuwa na mikrofoni ya kanon, na ubavuni palikuwa na gita na kinanda cha umeme. Na kwa kuwa fedha zilitosha ampli moja, wote waliingia humo. Wabatisti wa Katwa na makanisa mengine ya Kiprotestanti walipita njia hiyohiyo. Misikitini mambo yalikuwa mepesi zaidi, maana adhana hutaka mikrofoni moja na pembe zake bila ala yoyote. Na nimeona mara nyingi kwamba kipaza sauti cha msikiti kidogo husema safi kuliko cha kanisa kubwa, kwa sababu hiyo tu kwamba ukoo mmoja unakaa peke yake nyumbani.

Kisha ikaja biashara. Baada ya serikali ya Rais Mobutu kutangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba maduka ya wageni yatakuwa mikononi mwa wananchi, na uchumi wa nchi kuporomoka, wafanyabiashara wa Kinande walijifunza kujitegemea kwa namna iliyowashangaza hata wataalamu. Wakafuata bidhaa zao wenyewe hadi Dubai, Hong Kong na Guangzhou, zikateremka Mombasa, zikapanda Uganda hadi Kasindi, kisha Beni, kisha kwetu. Katika makasha hayo zilikuja ampli za namna mpya, zenye matundu ya kila aina mgongoni, kanon karibu na sinchi, jeki juu ya zote, baadaye na mahali pa kadi na simu. Mnunuzi aliona matundu mengi akafurahi, akidhani kwamba kila kinachoingia kimekaribishwa. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipoanza kwa hakika, kwa sababu mtengenezaji wa mbali alitoa milango, asitoe adabu ya kuipitia.

Nitasimulia kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe katika parokia moja ya mjini. Kwaya ilitaka kujifunza wimbo kutoka katika simu ya mkononi, na meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na mlango mmoja tu uliobaki, wa kanon. Fundi kijana aliukata waya wa jeki ndogo, akakuta nyaya mbili na wavu. Akaitazama kanon, akakuta miguu mitatu. Hesabu ikakubaliana, akalehemu wavu kwenye mguu wa kwanza, waya wa kushoto kwenye wa pili, wa kulia kwenye wa tatu. Wimbo ulipoanza, vinanda vya pembeni vilisikika, mwangwi ukasikika, lakini mwimbaji hakuwamo. Walizima, wakawasha, wakabadilisha simu, na bado mwimbaji hakurudi. Mzee mmoja, fundi wa redio tangu zama za redio za taa, aliitwa kutoka kazini kwake, akaifungua fishi, akatikisa kichwa kwa upole, akamwambia, «Mwanangu, umeiambia ampli kwamba hizi ni nyaya mbili za sauti moja. Ampli inatazama tofauti. Mwimbaji amesimama katikati, kushoto na kulia yuko sawa, hana tofauti. Ampli imemdhania kuwa ni mvumo, imemfuta.» Kisha akazipitisha nyaya zote mbili, kila mmoja katika kizuizi chake cha ohm elfu moja, akaziunganisha kwenye mguu wa pili, na mguu wa tatu akaufunga na mase. Mwimbaji akarudi. Sijapata kusikia mizani ikifafanuliwa vizuri zaidi ya hivyo, na aliyeifafanua hakusoma zaidi ya shule ya msingi.

Vile vizuizi viwili navyo vina maana yake, maana bila hivyo kushoto kungesukumana na kulia, kila upande ukijaribu kuulazimisha mwingine uimbe wimbo wake, na sauti ikakwaruza. Na mguu wa tatu haufungwi na mase wakati wote. Chombo cha mizani kinapoitumia transfoma katika kutoa sauti, sharti mguu wa tatu ufungwe na mase kinapoungwa na mlango wa waya mmoja, ama sauti hutoka nyembamba isiyo na besi. Lakini chombo kitoacho sauti kwa njia ya elektroniki peke yake, kila mguu ukisukuma kwa nguvu zake, kinaweza kuelemewa kikifungwa hivyo, na kwa hicho mguu wa tatu huachwa bila kugusa kitu. Fundi mzuri husikiliza kwanza, hulehemu baadaye. Tena yuko anayechunguza kama mguu wa moto ni wa pili au wa tatu, kwa sababu vyombo vingi vya kale vya Marekani viliutumia wa tatu hadi chama cha wahandisi wa sauti kilipokata shauri mwaka 1992 kwamba utakuwa wa pili. Na mikrofoni mbili zenye kuhitilafiana katika jambo hilo, zikisimamishwa mbele ya mtu mmoja, humla sauti yake.

Iko pia hatari ya volti 48. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliitengenezea redio ya Norwe mikrofoni zinazopata nguvu zake kwa njia ya nyaya zilezile za sauti, na tangu hapo meza nyingi za kuchanganyia zina kitufe cha kutia volti hizo, mara nyingine kimoja kwa milango yote. Nyaya mbili zikiwa sawa mikrofoni ya kawaida haidhuriki, kwa kuwa haioni tofauti. Lakini mlango ukiungwa na simu au kompyuta kwa waya mmoja, mizani imevunjika, na volti hizo zinaweza kumwendea mgeni asiyezitazamia, zikamharibu. Nimewaona mafundi waliobandika karatasi juu ya kitufe hicho, ili mpiga kinanda asikiguse.

Lakini liko kosa moja ambalo siwezi kulipita bila kuinua sauti. Mvumo unapokaidi, wako wanaokata mguu wa mase katika fishi ya umeme, au kuifunga kwa utepe, na kweli mvumo hupungua; kwa hivyo hufundishana hila hiyo kama dawa. Katika nchi ambayo nyumba nyingi hazina mase ya ardhini tangu kujengwa, ambako mwimbaji anayeshika gita na kuugusa mdomo kwenye mikrofoni huona ganzi midomoni kwa sababu bati za vyombo viwili hazikubaliani, kuondoa njia ya mwisho ya salama ni kumtaka mtu awe waya. Volti 220 zikipenya katika bati la ampli hazimwulizi mtu kama anaimba zaburi. Dawa ya halali ipo, ni ya kale kama simu, nayo ni transfoma: koili mbili juu ya chuma kimoja, sauti ikivuka kwa usumaku bila waya mmoja kugusa mwingine, mase ya huku ikabaki huku na ya kule kule. Kisanduku kidogo chenye transfoma ndani yake, kikiwekwa baina ya kinanda na meza, hugeuza sauti ya waya mmoja kuwa ya mizani, hukata mzunguko wa mase na humwachia kila mtu ulinzi wake. Mafundi wetu wasioweza kukinunua wamekwisha zitoa transfoma ndogo katika modemu za simu zilizokufa, nao huzifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga, na sauti ikapita. Besi hupungua kidogo, lakini hakuna anayeshtuliwa.

Stesheni za redio ndizo zilizoifanya fani hii iwe ya heshima. Hadi 1990, Mobutu alipotangaza tarehe 24 Aprili mwisho wa chama kimoja, sauti ya nchi ilikuwa ya serikali. Baada ya hapo, na hasa katika miaka ya vita, redio za makanisa na za wananchi zilisimama mjini Butembo, Beni na hata katika vijiji, Radio Moto ya jimbo katoliki miongoni mwao, na tarehe 25 Februari 2002 ikaja Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle. Katika chumba kidogo kimoja mlikutana mikrofoni za kanon, kompyuta ya waya mmoja, simu ya msikilizaji, na pengine mtambo wa kurusha mawimbi nyuma ya ukuta uleule, ambao huugeuza kila waya usio na mizani kuwa antena. Kijana aliyejifunza kulehemu chini ya jukwaa la kwaya alijikuta fundi wa stesheni. Na ilipotangazwa Ebola tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina karibu na Beni, hata ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuwaua watu 2,287, maneno yaliyosemwa kwa Kinande na Kiswahili hewani na juu ya magari yenye bafle yalikuwa maneno ambayo mtu hakufaa kuyasikia nusu. Wala sijui kazi nyingine ya fundi wa sauti iliyokuwa na uzito kama huo.

Juu ya umeme wenyewe niseme machache. Butembo iliishi miaka mingi bila gridi, ikawa kila parokia na kila duka na grupu yake, na fundi akajua kutambua chanzo cha mvumo kwa sikio: ukipanda na kushuka pamoja na pumzi ya injini, ni wa grupu, na ukikaa palepale hata injini ikikohoa, utafutwe kwingine. Vibao vya jua vilileta invata za bei rahisi, ambazo mkondo wake ni wa ngazi badala ya wimbi, na hizo hazivumi, hukereza. Tangu kituo cha maji cha Mutwanga kilipowashwa mwaka 2013 chini ya Ruwenzori, na baadaye kile cha Luviro katika Lubero kilipoanza kulisha mji wetu, nyumba mpya zimeanza kuchimbiwa mase ya ardhini, na fundi anayeijua thamani yake hukagua fito ile ya shaba kabla hajafungua mkoba wake.

Simu za sasa nyingi hazina tundu la jeki. Kwaya nyingi za mjini hutuma muziki kwa bluetooth, hewani, hadi kijisanduku kidogo kama kiberiti kilichochomekwa nyuma ya ampli, na walipokipata mara ya kwanza walishukuru kwamba habari ya nyaya imekwisha. Lakini kijisanduku hicho hupata nguvu zake kwa chaja iliyo katika umeme uleule wa ampli, mase yake na ya ampli zikiwa zimeshikana huku na huku; na mwisho wake, baada ya sauti kuvuka kanisa zima bila kugusa kitu, ni waya mmoja mfupi wenye fishi sinchi. Jumapili iliyopita nilimkuta fundi kijana wa kile kisa, sasa mtu mzima mwenye wanafunzi wawili, amepiga magoti nyuma ya ampli na kopo la maziwa mkononi. Aliuchomoa waya ule mfupi, akaipitisha sauti ndani ya kopo, akachomeka tena baada ya kuteremsha sauti kwanza, na kwaya ikaanza.